Uso wa Mtoto si Risiti

Ukurasa wa mtandaoni ni kama ng'ombe wa maziwa. Usipoulisha, hautoi kitu. Yeyote aliyewahi kuachiwa neno la siri la akaunti ya kwaya, chama au timu ya mtaa anajua ninachosema. Mimi nimeachiwa ya programu ya kusoma ya watoto hapa Nakuru. Kila Jumamosi asubuhi watoto wanakuja kutoka Kaptembwo, Rhonda na Bondeni, wanatandika mikeka, wanafungua masanduku ya vitabu, na baadaye wanakunywa uji. Wenzangu wanasoma nao. Kazi yangu ni kushika simu.

Na ng'ombe huyu anachagua chakula. Ukiposti ratiba ya mwezi, laiki ni chache na nusu ni za wenzako. Ukiposti rafu ya vitabu vipya, afadhali kidogo. Lakini ukiposti uso wa mtoto, hasa mtoto mdogo, sweta imetoboka kwenye kiwiko, macho yameganda kwenye ukurasa, simu italia usiku kucha. Watu wanauliza watume vitabu wapi. Mtu yuko Doha anataka nambari ya M-Pesa. Hakuna anayeuliza lolote kuhusu ratiba.

Kwa hivyo swali ninalotaka tulifikirie pamoja si la teknolojia, hata kama limekuja na simu. Uso wa mtoto ni wa nani? Na kama uso huo unaweza kuleta vitabu, vitabu ambavyo mtoto yuleyule atavisoma Jumamosi ijayo, je, tuna haki ya kuutumia?

Nianze na upande wenye nguvu, maana si upande wa wajinga wala wa watu wabaya. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Programu kama yetu inaishi kwa methali hiyo. Maktaba za umma, chini ya Katiba ya 2010, zimewekwa mikononi mwa serikali za kaunti, na kila mtu anajua kaunti ina barabara, zahanati na mishahara ya kulipa kabla haijafika kwenye vitabu vya hadithi. Pengo hilo linazibwa na watu wa kujitolea, na watu wa kujitolea wanahitaji watu wa kutoa. Mtu hatoi kwa asichokiona. Mkono wa pili wa kulea mwana uko mbali, na ili unyooshwe, lazima kwanza jicho lione. Mtoto ni wetu sote, basi na picha ya mtoto ni yetu sote. Ukifikiria haraka, hoja hii haina tundu.

Tundu liko kwenye neno "wetu". Kulea na kumiliki ni vitu viwili. Jirani anayemkanya mtoto wako asicheze barabarani amekusaidia kulea. Jirani huyo huyo akimchukua mtoto akamsimamishe sokoni ili watu wamtazame na watoe chochote, hata kama pesa zote zitamrudia mtoto, utamwita nani? Na ukimuuliza, atakujibu kwa methali ileile: mkono mmoja haulei mwana.

Huku mtandaoni Kenya tuna msemo wetu: leta risiti. Ukidai kitu, watu wanataka ushahidi. Hii tabia imesaidia sana. Imewaumbua wanasiasa na wachumba waongo. Lakini imeingia hata kwenye kutoa msaada. Mfadhili anatuma vitabu, na kabla havijapangwa kwenye rafu ujumbe umefika: tungependa picha za watoto wakivipokea. Wala si kwa ubaya. Ana wakubwa wake, ana ripoti ya kuandika, na tukiwa wakweli, Kenya hii imempa kila sababu ya kushuku kwamba vitabu vingeishia kwenye duka la mtu. Anataka risiti.

Sasa itazame risiti yoyote ile uliyo nayo mfukoni. Imeandikwa nani alilipa, alilipa kiasi gani, na alilipa lini. Risiti inamhusu mlipaji. Halafu tazama picha ya kawaida ya kukabidhi vitabu. Chini yake kuna jina la kampuni au la mheshimiwa, kuna idadi ya vitabu, kuna tarehe. Mtoto aliyesimama katikati akishika kitabu kilichofungwa anaitwa "mmoja wa wanufaika". Uso wake ndio mkubwa kuliko vyote kwenye picha, na ndiye mtu pekee asiye na jina. Hayuko pale kama mtu. Yuko pale kama muhuri.

Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kama chombo tu. Awe daima pia ni lengo kwa nafsi yake. Babu zetu walikuwa na neno fupi zaidi, utu. Lakini tumsome Kant vizuri, kwa sababu wengi wanamsoma kama mhubiri mkali. Hakusema tusitumiane kabisa. Mimi namtumia dereva wa matatu kufika mjini, naye ananitumia kupata nauli. Uzito uko kwenye neno "tu". Picha ya mtoto inaweza kusaidia programu bila kumfanya mtoto kuwa chombo tu. Swali ni tutajuaje mstari umevukwa.

Jibu la siku hizi ni kwamba mstari ni idhini. Mzazi akiweka sahihi, mambo yameisha. Na kweli sheria iko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha ya uso ni data. Si karatasi ya kupamba ofisi. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Roma School ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tangu hapo ukizungumza na mtu yeyote anayeshughulikia ukurasa wa shule, atakwambia wana fomu. Kila mtu sasa ana fomu.

Fomu ni nzuri. Lakini hebu fikiria inavyotiwa sahihi. Mama amemleta mtoto Jumamosi, mguu mmoja ndani mmoja nje, kibanda chake hakijafunguliwa. Anapewa karatasi na mtu yuleyule atakayempa mtoto wake kitabu. Anauliza hii ni ya nini, anaambiwa ni ya picha. Anasema, "Sawa tu mwalimu, bora asome." Kisha anaweka sahihi na kuondoka.

Nimeyasikia maneno hayo, bora asome, mara nyingi mpaka nikaanza kuyachunguza. Yana maana mbili. Moja ni: sina shida na picha. Nyingine ni: kama hii ndiyo bei, nitalipa. Sisi tunasikia ya kwanza kwa sababu inatufaa. Lakini mtu akiwa na haja, na aliyeshika anachokihitaji akamwomba jambo dogo, atasema sawa. Si uongo, wala si hiari kamili. Tunasema programu ni ya bure. Kama mama anaamini kwamba akikataa picha mtoto atakaa nyuma kwenye foleni ya vitabu, basi programu si ya bure. Ina kiingilio, na kiingilio ni uso.

Nina heshima kubwa kwa mama wengine, wachache, wanaosema kama alivyosema mmoja wao: "Mwalimu, huyu wangu usimuweke kwa Facebook." Nikamjibu, "Sawa mama, hataonekana." Hakutoa sababu na mimi sikuuliza. Huenda kuna baba asiyepaswa kujua wanaishi wapi. Huenda kuna kesi. Huenda hapendi tu, na hiyo inatosha. Ninachojua ni kwamba mwanawe alipewa kitabu siku hiyo kama wengine, na alihitaji kukiona hicho kikitokea mbele ya macho yake ndipo neno "hiari" liwe na maana kwa wengine waliokuwa wakitazama.

Tena sheria yenyewe haikuishia kwenye sahihi, ingawa wengi tunaikata hapo. Kifungu cha 33 kina sehemu mbili. Baada ya idhini ya mzazi, kinadai kwamba data itumiwe kwa njia inayolinda na kuendeleza haki na maslahi bora ya mtoto. Maana yake mzazi anaweza kukubali na bado ukawa umekosea. Katiba nayo, Ibara ya 53, inasema maslahi bora ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza katika kila jambo linalomhusu. Mzazi ni mlinda mlango. Ameruhusu uingie. Haimaanishi umeruhusiwa kubeba chochote unachokiona ndani.

Utaniambia: lakini watoto wenyewe wanapenda! Ni kweli, wanapenda kupita kiasi. Ukitoa simu tu, "Anko nipige! Anko na mimi!" wanajaa mbele yako mpaka huoni kitu isipokuwa meno. Na mtoto naye ana sauti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika Ibara ya 12 kwamba maoni yake yasikilizwe kulingana na umri na ukomavu wake. Basi tuwasikilize vizuri. Tazama wanachofanya ukishawapiga picha. Wanakimbilia upande wako wa simu, wanataka kujiona. Wanacheka, wanamcheka aliyefumba macho, halafu wanarudi kucheza. Kwao picha imeisha hapo. Walichotaka ni kuonwa na wewe, mtu wanayemjua, asubuhi hii. Hawakuomba kuonwa na watu elfu tatu wasiowajua, leo na miaka kumi ijayo. Ni matakwa mawili tofauti, na kuyachanganya ni rahisi sana kwa mtu mwenye simu.

Tena yuko mtu mwingine ambaye hawezi kuulizwa leo, naye ni yule mtoto akiwa na miaka 25. Atakuwa anatafuta kazi, au mchumba, au kura. Wahenga walisema wema hauozi. Siku hizi hata picha haiozi. Hapa Nakuru tunalijua hili kuliko tunavyopenda kukumbuka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho ya kilimo uligeuka kambi ya waliofukuzwa makwao, na kamera zikaja. Mtoto aliyekuwa na miaka sita wakati ule sasa ni mtu mzima. Pengine anakaa kiti cha pili kwenye matatu unayopanda kwenda Njoro. Kama uso wake ulichukuliwa akilia mbele ya hema, uso huo bado uko mahali fulani, bado una miaka sita, bado unalia. Hakuna aliyemrudia kumwuliza kama bado anataka kuwa mtoto yule.

Mfano unaojulikana zaidi uko kaskazini yetu. Mwaka 1993, huko Ayod, ambako sasa ni Sudan Kusini, Kevin Carter alipiga picha ya mtoto aliyeinama chini kwa njaa huku tai akimtazama. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Picha ile iliamsha watu na ikachangisha pesa, hilo lazima likubaliwe. Lakini kwa karibu miaka ishirini dunia ilisema ni msichana. Waandishi walipofika kijijini kwao mwaka 2011, familia ikasema alikuwa mvulana. Mamilioni ya watu walikuwa wamemtazama na hakuna aliyejua hata hilo. Hivyo ndivyo mtu anavyogeuka ushahidi: anaonekana na kila mtu, na hajulikani na yeyote.

Najua sisi hatupigi picha za njaa. Picha zetu ni za furaha: mtoto, kitabu, tabasamu. Lakini furaha peke yake haibadilishi risiti kuwa mtu. Na kwenye kusoma kuna jambo la ziada linalonisumbua, ambalo halipo kwenye programu ya kandanda au ya kupanda miti.

Kusoma ni kujificha. Mtoto anayeishi chumba kimoja na wazazi na ndugu wanne, kwenye ploti ya milango kumi inayotazamana, choo cha pamoja na mfereji wa pamoja, hana pahali pa kuwa peke yake. Kila anachofanya kinaonwa na mtu. Kitabu ni chumba chake cha kwanza. Akishaingia, hata kelele za wenzake hazimfikii, na hakuna anayejua ameenda wapi. Wakutubi walielewa hili zamani. Ni sehemu ya maadili ya kazi yao kwamba alichoazima msomaji ni siri ya msomaji. Mwaka 2005 wakutubi wanne wa Connecticut, Marekani, walipata barua ya FBI ikidai habari za matumizi ya kompyuta za maktaba na kuwakataza hata kusema kwamba wameipokea. Walikwenda mahakamani, na mwaka uliofuata serikali ikaachana na dai lake. Wanne hao walikabiliana na dola kwa ajili ya wasomaji ambao huenda hata hawakuwajua. Na sisi tunaposti mtoto, kitabu chake, mtaa wake na saa ya programu, bure, bila hata barua ya FBI.

Kuna jambo dogo ambalo mtu yeyote mwenye kazi kama yangu amelishuhudia. Mtoto anasoma, mdomo wazi, kidole kinafuata mstari. Unainua simu. Anakuona. Anakaa wima, anakigeuza kitabu ili jalada lionekane, anatabasamu. Picha imetoka safi sana. Lakini wakati ule wa picha hakuwa anasoma. Picha nyingi za watoto wakisoma ni picha za watoto walioacha kusoma ili tupate picha. Programu iliundwa ili mtoto asahau dunia kwa nusu saa, na mimi ndiye ninayemkumbusha kwamba anatazamwa.

Hannah Arendt, katika insha yake ya miaka ya 1950 kuhusu mgogoro wa elimu, alieleza kwamba mtoto, kama kila kinachokua, anahitaji kivuli kwanza. Mwanga wa hadharani ni wa watu wazima. Ukimwangazia mtoto mapema unaharibu kinachojengeka ndani. Mkulima wa Bahati hangehitaji Arendt amfundishe; miche huwekwa chini ya kivuli kwanza, jua litakuja tu.

Lakini Arendt huyohuyo ananipa pingamizi kali kuliko yote, na sitaki kulipita kimyakimya. Septemba 1957 huko Little Rock, Elizabeth Eckford, msichana mweusi wa miaka 15, alitembea peke yake kwenda shule iliyokuwa ya wazungu, umati ukimzomea, na picha ikachukuliwa. Arendt aliandika baadaye kuwalaumu watu wazima kwa kuwabebesha watoto vita vyao. Mwandishi Ralph Ellison akampinga: hukuelewa, wazazi wale walijua wanawatayarisha watoto kwa dunia iliyoko. Na Arendt, kwa sifa yake, alimwandikia barua mwaka 1965 akikubali kwamba hakuwa ameelewa. Kwa hivyo mwanga wakati mwingine ni haki. Kama kila mtoto wa Rhonda atafichwa, nani ataona kwamba watoto wa Rhonda wanasoma? Je, mtoto wa Molo anayefikiria vitabu ni vya watoto wa Nairobi hahitaji kumwona mwenzake? Kuficha nyuso zote kunaweza kuwa dharau nyingine, kana kwamba umaskini ni aibu ya kufunikwa.

Nimelizungusha hili kichwani sana, na nadhani tofauti iko hapa. Eckford alikuwa anafanya jambo. Alitembea. Kitendo kilikuwa chake, kilikuwa cha hadharani, na picha ilikikuta njiani. Mtoto anayesoma chini ya mti hafanyi jambo la hadharani; anafanya jambo la siri, na ni sisi tunaolitoa nje. Kwa hivyo swali la kujiuliza kabla ya kuposti si "uso unaonekana au hauonekani?" Swali ni "nani anatenda hapa?" Msichana wa miaka 14 akiandika maoni yake kuhusu kitabu, kwamba mwisho wake ni wa uongo na mwandishi alichoka, na akataka yasomwe na watu na jina lake la kwanza liwepo, yeye ni mwandishi. Kumnyima jina ni kumwonea. Mvulana wa miaka saba akinaswa akihangaika na silabi, hata komenti zote zikiwa za upendo, yeye si mwandishi wa chochote. Amegeuzwa maonyesho. Kigugumizi chake ni chake mpaka kitakapoisha.

Kwa hivyo kwenye ukurasa tunaoushughulikia tumekubaliana mambo machache, na si ya ajabu. Anayekataa picha hapewi stika wala alama ya kumtenga, maana ukimbandika mtoto alama ili asipigwe picha umeshamtangaza. Tunaonyesha mikono, migongo, michoro, viatu vilivyopangwa mlangoni. Anayetaka kusema jambo kwa jina lake, na mzazi akakubali baada ya kuliona lenyewe, si baada ya kusoma fomu, tunamsikiliza. Mtu akisema toa, inatolewa siku hiyohiyo na haulizwi kwa nini. Na hakuna mtoto anayeonyeshwa akishindwa.

Hili lina gharama, na ningekuwa mwongo kusema halina. Laiki zimepungua. Picha ya viatu mlangoni haimtoi mtu chozi huko Doha. Inawezekana kabisa kuna sanduku la vitabu ambalo lingekuja na halikuja, na watoto ambao wangesoma kitabu fulani na hawatakisoma. Mtu akiniambia kanuni zangu ni za starehe, kwamba nailinda heshima ya mtoto kwa kumnyima kitabu, sina jibu la kumnyamazisha. Nina la kumwambia tu: kama njia pekee ya mtoto wa Kaptembwo kupata kitabu ni kuuonyesha umaskini wake, basi tumemfundisha somo moja kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, nalo atalishika kuliko hadithi yoyote.

Wapo watakaosema wema wa kweli haupigwi picha kabisa: tenda wema nenda zako. Methali nzuri, lakini ni ya mtu mmoja mmoja. Programu haiwezi kwenda zake. Ikichukua pesa za watu lazima itoe hesabu, na mfadhili anayedai risiti anadai haki yake. Shida ni tunampa risiti ya aina gani.

Unakumbuka kile kisa cha Abunuwasi, tajiri alipomshtaki maskini kwa kula chakula chake kikavu huku akinusa harufu ya mapochopocho ya tajiri? Abunuwasi alimlipa kwa mlio wa pesa. Harufu ililipwa kwa mlio. Kila kitu kwa kiasi chake na kwa aina yake. Wewe mfadhili ulitoa kitabu. Hukutoa mtoto, hukumlea, hukumnunua. Basi ukidai ushahidi, na uwe wa kitabu. Tutakupa daftari la kuazima, tuhesabu pamoja kimetoka mara ngapi. Tutakupa maneno ya mtoto aliyetaka kusema kitu. Na tutakupigia picha kitabu chenyewe baada ya mwaka: jalada limeng'oka, limebandikwa selotepu mara mbili, pembe zimekuwa nyeusi kwa vidole, kuna doa la uji ukurasa wa kumi na mbili, na mtu ameandika kwa penseli pembeni, "huyu fisi ni mjinga".

Picha hiyo haitatrendi, najua. Lakini ukiitazama vizuri, inakuambia yote uliyotaka kujua.